Kutoka Guy wa York hadi "jamani": uchambuzi wa kisa cha neno moja la mtaani

Sentensi iliyozua kisa hiki ina maneno matatu tu: "You guys ready?" Ilisemwa na mkufunzi mmoja Mmarekani mwanzoni mwa video ya mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na shirika lililoniletea kazi lilitaka video nzima, dakika 22, iingizwe sauti ya Kiswahili kabla ya mwezi kwisha. Nilianza na sehemu ngumu, yaani dawa, vipimo na dalili za hatari kwa mjamzito, nikaziacha salamu na maneno ya kupisha muda hadi mwisho, kwa kudhani kwamba hayo hayana kazi. Saa nne za usiku, macho yakiwa mazito, nikaandika "Haya jamaa, mko tayari?" kisha nikatuma.

Skripti ilirudi baada ya siku tatu ikiwa na alama nyekundu sita. Tano zilihusu istilahi za uzazi, na zote zilikuwa za haki. Ya sita ilizungushiwa neno "jamaa", na mpitiaji, muuguzi mstaafu aliyekuwemo chumbani siku video ilipopigwa, alikuwa ameandika pembeni: "Jamaa gani? Hapa tupo akina mama kumi na wawili na wanaume wawili." Nikampigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba nikajitetea kwamba "guy" kwa Kiswahili ni "jamaa", na kwamba hata kamusi zinaniunga mkono. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi nina wajukuu saba. Nikiitwa jamaa nitageuka nyuma kumtafuta anayeitwa."

Alikuwa na haki, nami pia sikuwa nimekosea neno, maana ukiniuliza leo "guy" ni nani bado nitakujibu kuwa ni jamaa. Kosa lilikuwa mahali pengine, na ili lionekane inabidi tulifuate neno lenyewe tangu lilipokuwa jina la mtu mmoja, lenye herufi kubwa.

Mtu huyo ni Guy Fawkes, aliyezaliwa katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1570. Jina Guy halikuwa la Kiingereza tangu mwanzo. Wanormani, wavamizi waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walilivusha bahari katika umbo la Kifaransa, Gui, na wao walikuwa wamelitoa katika jina la Kijerumani cha kale, Wido, ambalo Waitaliano walilifanya Guido. Fawkes alilelewa wakati Ukatoliki ukiwa dini ya kujificha nchini mwake, akaenda kupigana upande wa jeshi la Hispania katika nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, na huko akazoea kujiita Guido. Alirudi akiwa mwanajeshi anayeijua baruti, na ujuzi huo ndio uliomfanya atafutwe na Robert Catesby, kiongozi halisi wa njama iliyofuata.

Njama yenyewe inajulikana, kwa hiyo nitaipitia upesi. Catesby na wenzake, Wakatoliki waliochoka kudhulumiwa kwa imani yao, walikusudia kumlipua Mfalme James I pamoja na wabunge siku ya kufunguliwa kwa Bunge, tarehe 5 Novemba 1605. Walikodi ghala lililokuwa chini ya ukumbi wa Baraza la Malodi, yaani mabwana wenye vyeo, wakaingiza humo mapipa 36 ya baruti na kuyafunika kwa kuni na makaa. Siku kumi kabla, barua isiyo na jina ilimfikia lodi mmoja Mkatoliki, Monteagle, ikimwonya asihudhurie, naye akaipeleka serikalini. Usiku wa kuamkia tarehe 5 walinzi wakamkuta Fawkes palepale kwenye ghala. Alipoulizwa jina alisema anaitwa John Johnson.

Hapo pananichekesha kila ninapopafikia, kwa sababu mtu ambaye jina lake lingekuja kutumika kwa mamilioni ya watu wasiohusika naye hata kidogo alianza kwa kulikana. Alilishikilia jina la uongo kwa muda ndani ya ngome ya Tower of London, hata Mfalme alipotoa ruhusa ya maandishi kwamba ateswe, wakianza na mateso mepesi na kupanda taratibu. Sahihi aliyotia baada ya mateso hayo bado ipo: ni neno "Guido" lililopindapinda, la mkono usioweza tena kushika kalamu. Tarehe 31 Januari 1606 alipandishwa jukwaani huko Westminster pamoja na wenzake watatu, akavunjika shingo kitanzini kabla ya sehemu mbaya zaidi ya adhabu kuanza.

Catesby hakufika huko. Alikuwa ameshauawa kwa risasi tarehe 8 Novemba alipokuwa akijitetea katika nyumba moja ya mashambani. Ninalitaja jambo hili kwa sababu lina uzito katika uchambuzi: Fawkes hakuwa kiongozi, ila ndiye aliyekutwa na mapipa, na kumbukumbu za watu hukaa zaidi kwa aliyeshikwa na ushahidi kuliko kwa aliyepanga shauri. Lau Catesby ndiye angelala ghalani usiku ule, pengine leo Wamarekani wangekuwa wakiitana "roberts".

Bunge lilipitisha sheria ya kuitaka nchi nzima imshukuru Mungu kila tarehe 5 Novemba, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1859. Ibada ilifanyika kanisani, lakini nje watu waliwasha mioto mikubwa ya kuni, na moto bila kitu cha kuchoma haukuwatosha. Kwa muda mrefu sanamu iliyotupwa motoni mara nyingi ilikuwa ya Papa. Sanamu ya Fawkes ilishika nafasi hiyo polepole, na kuelekea mwisho wa karne ya 18 yeye ndiye aliyekuwa mgeni rasmi wa usiku huo. Watoto walichukua suruali kuukuu, koti lililotoboka na kofia iliyokosa mwenyewe, wakavijaza majani makavu na matambara, wakampaka sanamu uso au kumvisha kinyago, kisha wakamzungusha mitaani kwa toroli wakiomba wapita njia "peni moja kwa ajili ya guy" ili wanunue fataki. Desturi hiyo wapo Waingereza wengi waliyoiona kwa macho yao utotoni. Katika shule moja, St Peter's ya York, sanamu hiyo haichomwi, kwa sababu Fawkes alisoma hapo na wanaona si adabu kumchoma mwanafunzi mwenzao wa zamani.

Ukisikiliza vizuri ombi lile la watoto utaona kwamba tayari jina limeshavuka mpaka. Hawakuomba peni kwa ajili ya Guy bali kwa ajili ya "guy", kitu kimoja kati ya vingi vya aina hiyo, kwa kuwa kila mtaa ulikuwa na wake. Waandishi wa kamusi wanaiweka maana hii ya sanamu katika maandishi ya mwaka 1806. Hatua inayofuata ni rahisi kuikisia kwa yeyote aliyewahi kumwona mtu kavaa asivyojua kuvaa. Sanamu ilikuwa na suruali fupi na koti pana, na mtu aliyevaa hivyo akaambiwa anafanana na guy, kisha akaambiwa yeye mwenyewe ni guy. Maana hiyo, ya mtu kituko, imeandikwa Uingereza tangu mwaka 1836. Kikazaliwa hata kitenzi: kumfanya mtu "guy" ni kumfanyia mzaha.

Kiswahili kinaijua njia hii. Katika ngano za Kiarabu yumo mtu aitwaye Juha, ambaye vituko vyake vimesimuliwa kwa karne nyingi, na jina lake lilipofika kwetu lilivua herufi kubwa, likaingia katika ngeli ya ji-ma, likapata wingi wa "majuha", na leo juha ni mpumbavu yeyote. Kisarufi Juha na Guy wamepita mlango mmoja, kutoka jina la mtu hadi nomino ya kejeli. Tofauti ni kwamba juha alibaki hapohapo. Hakuna anayemwambia rafiki yake "hujambo juha" akitegemea kujibiwa vizuri. Kwa nini basi "guy" haikubaki kwenye kejeli?

Jibu ninaloliona, nami nalitoa kama hoja yangu, ni kwamba neno lilivuka bahari ya Atlantiki na sanamu ikabaki nyuma. Wakoloni wa Kiingereza waliokaa Marekani walikuwa na usiku wao wa tarehe 5 Novemba, hasa Boston, lakini walimchoma Papa na shetani zaidi ya Fawkes. Mwaka 1775, vita vya uhuru vikiwa vimeanza, George Washington alitoa amri siku hiyohiyo ya Novemba kuwakataza wanajeshi wake mchezo huo, akiuita wa kipuuzi na wa kitoto, kwa kuwa wakati ule walikuwa wakitafuta urafiki wa Wakatoliki wa Kanada. Baada ya uhuru hapakuwa na sababu ya Mmarekani kushukuru kwa kuokoka kwa mfalme wa Uingereza, na sherehe ikafifia. Kwa hiyo neno "guy", lilipoanza kusikika Marekani, halikuwa na toroli, matambara wala moto nyuma yake. Mtoto wa London akisikia "guy" aliona sanamu akilini. Wa New York hakuona kitu. Palipobaki mtu tu, bila kituko, kejeli nayo ikapoa. Maana ya "mwanamume fulani, mtu wa kawaida" imeandikwa Marekani tangu mwaka 1847.

Ilikuwa maana ya mtaani, na iliendelea kunata kwa sababu Kiingereza kilikuwa kinalihitaji neno la kumtaja mwanamume bila kumpandisha wala kumshusha. "Gentleman" lilikuwa na cheo ndani yake, na "fellow" lilikuwa na harufu ya shule. "Guy" halikuwa na harufu yoyote, na katika karne ya 20 likaanza kuzaa: guy mwema na guy mbaya wa filamu, guy mjanja wa majibu ya mkato, guy anayebebeshwa lawama za wenzake. Katika yote hayo alibaki mwanamume. (Wasomaji wanaofahamu mahema na meli wasichanganyikiwe na neno la tahajia hiyohiyo linalotaja kamba ya kukaza mlingoti au hema. Hilo lina ukoo wake, limetoka katika kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kuongoza, na halimjui Fawkes kabisa.)

Sasa tunafika mahali ambapo kisa changu kilikwama, na hapa nitakaa kidogo.

Kiingereza cha zamani kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "ye" au "you" kwa wengi, sawa na wewe na ninyi. Kisha heshima ikaharibu hesabu. Mkubwa aliitwa kwa wingi hata akiwa peke yake, halafu kila mtu akataka kuitwa kama mkubwa, hadi "thou" ikaachwa kwa sala, mashairi na lahaja za mashambani, na "you" ikabaki na mzigo wa mmoja na wa wengi pamoja. Lugha haikuvumilia tundu hilo. Watu wa kusini mwa Marekani walilifunika kwa "y'all", wa Pittsburgh kwa "yinz", Waingereza wengi husema "you lot", na sehemu kubwa iliyobaki ya Marekani ikaokota "guys", ikaiweka baada ya "you" iliyokwisha nguvu, na kupata "you guys", yaani ninyi.

Angalia kilichotendeka. Neno halikuongezwa ili kueleza walioitwa ni watu wa namna gani, liliongezwa ili kuonyesha kwamba ni zaidi ya mmoja. Kazi yake haikuwa tena ya nomino bali ya kiambishi, na kiambishi hakina jinsia. Ndiyo maana mwalimu wa kike hulitamka mbele ya darasa la wasichana watupu, na mama huwaita hivyo binti zake wawili, bila yeyote kuona ajabu. Lakini lirudishe neno hilohilo katika nafasi ya kutajwa badala ya kuitwa, na uanaume wake unarudi mara moja. Mwanamke mmoja peke yake si "a guy". Ukisema "guys" watatu waliingia dukani, msikilizaji ameshaona ndevu. Na ukimuuliza mwanamume aliyeoa amewahi kuchumbia "guys" wangapi maishani mwake, atakujibu hata mmoja, na pengine kwa hasira.

Kwa miongo kadhaa Wamarekani wenyewe wanabishana juu ya jambo hili. Wapo wasemao kuwa "you guys" ni neno la kiume lililofichwa, na kwamba wanawake wanaoitwa kwalo wanahesabiwa ndani ya kundi la wanaume kwa hisani tu. Wapo wanaojibu kuwa matumizi yameshalisafisha. Naona pande zote mbili zinazungumzia nafasi mbili tofauti za neno moja kana kwamba ni nafasi moja. Katika kutaja, upande wa kwanza una haki bila shaka. Katika kuita, watu huitika, na kuitika ndiyo ushahidi pekee alionao mtu wa lugha. Hata hivyo nakiri kwamba mwanamke aliyezoea kusahauliwa kazini ana sababu ya kulisikia lile la kutaja ndani ya lile la kuita, na hakuna sarufi itakayomzuia.

Nikarudi kwenye skripti yangu nikiwa na tofauti hiyo mkononi, na kosa likaonekana wazi. Mkufunzi hakuwa ametaja mtu. Alikuwa ameita. Mimi nikachukua neno la kuita, nikalitafuta katika kamusi ambako maneno hukaa yakiwa ya kutaja, nikaleta "jamaa", ambalo kwa Kiswahili cha leo ni la kutaja zaidi, tena la kumtaja mwanamume. "Jamaa mmoja alinisimamisha njiani" ni mwanamume. Angekuwa mwanamke ningesema dada mmoja, mama mmoja, binti mmoja. Muuguzi yule aligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa kwa sababu hiyohiyo ambayo mwanamke wa Kimarekani angegeuka kama angeitwa "a guy".

Jambo lenye ladha ni kwamba "jamaa" limefika hapo kwa kutembea njia ya "guy" kinyumenyume. Limetoka Kiarabu likiwa na maana ya kundi au mkusanyiko. Kuswali jamaa ni kuswali pamoja, si peke yako. Jamaa zangu ni ndugu na watu wa ukoo wangu, wa kike kwa wa kiume. Mwalimu Nyerere alipotafuta jina la siasa yake, Ujamaa, iliyotangazwa kwa nchi katika Azimio la Arusha mwaka 1967, alichukua maana hiyo ya watu waliofungamana kama familia. Hata cheo cha akina mama waliokuwa wakifundishwa kimebeba mzizi huohuo wa Kiarabu, kwani "jamii" na "jamaa" ni ndugu wa damu. Na bado, katika mazungumzo ya kila siku, neno hili la wengi limejikunja hadi likawa la mmoja: mtu wa kundi letu, kisha mtu fulani, kisha mwanamume fulani ambaye jina lake halina haja. Waingereza walianza na mtu mmoja wakafika kwa kila mtu. Sisi tulianza na kila mtu tukafika kwa mtu mmoja aliyetusimamisha njiani.

Wala "jamaa" halipo peke yake katika safari za namna hii. "Mchizi" wa vijana wa Tanzania ametoka kwa chizi, mwendawazimu, akatakaswa na urafiki hadi "mchizi wangu" likawa neno la mapenzi, jambo linalofanana sana na kituko wa mwaka 1836 aliyekuja kuwa mtu wa kawaida. "Msee" wa Nairobi anaonekana kushuka kutoka kwa mzee, akiwa ameacha mvi na mkongojo huko nyuma, na leo kijana wa miaka kumi na saba ni msee. Mmoja alipanda kutoka kwenye tusi, mwingine akashuka kutoka kwenye heshima, na wote wakakutana kwenye kona moja ya mtaa. Hakuna kati yao ambaye ningethubutu kumweka katika skripti ya uzazi salama.

Nikapima njia zilizobaki. Ya kwanza ilikuwa kufuta kabisa na kuandika "Haya, mko tayari?" Kimantiki ndiyo tafsiri timilifu, kwa sababu Kiswahili hakikupoteza wingi wake: tundu lile ambalo "guys" ililetwa kuliziba halipo kwetu, na yote aliyoyasema mkufunzi kuhusu idadi yamo katika kile kiambishi kimoja, m-. Guy Fawkes, mapipa yake 36, moto wa miaka mia nne na bahari nzima ya Atlantiki vinaingia katika herufi moja. Nililipenda wazo hilo kuliko linavyostahili. Fundi wa sauti akanirudisha duniani: midomo ya mkufunzi ilikuwa inaendelea kucheza baada ya sauti yetu kukoma, na akina mama pale chumbani walionekana kama wameulizwa swali na askari.

Ya pili ilikuwa "akina mama", lakini wale wanaume wawili walikuwa mstari wa mbele, mmoja wao akiwa na daftari wazi, na kuwafuta kwa neno kungekuwa kurudia kosa langu upande wa pili. "Ndugu zangu" haibagui jinsia, na kwa Tanzania ina historia ya heshima, ila mkufunzi yule alikuwa kijana wa fulana aliyekaa juu ya meza akining'iniza miguu. "Ndugu zangu" ingemvisha kaunda suti. "Wapendwa" ingempeleka madhabahuni.

Lililobaki nilikuwa nalo mdomoni tangu mwanzo na sikulisikia, kwa kuwa ni neno ambalo mtu hulitumia mara kumi kwa siku bila kulitazama. "Jamani" ni "jamaa" lililopokea -ni ya kuwaita wengi, ile iliyomo katika njooni, karibuni na ngojeni. Neno lilelile lililomkera muuguzi, likishavalishwa kiambishi cha kuitia, linaachilia jinsia yake yote. Mama huwaita binti zake jamani, mwalimu huita darasa jamani, na mjane hulia jamani mbele ya kaburi bila kumwita yeyote. Huko limeenda mbali kuliko hata "guys", kwa sababu Mmarekani bado anahitaji watu mbele yake ili aseme "you guys", nasi twaweza kusema jamani peke yetu chumbani, ndoo ikimwagika. Jamaa na jamani wanasimama kama "guy" na "you guys" wanavyosimama: wa kwanza ni mtu unayemtaja, wa pili ni mlango unaowafungulia wote waliopo. Nilikuwa nimetafsiri mtu badala ya mlango.

Nikaandika "Haya jamani, mko tayari?" Fundi akaiweka sauti juu ya picha, na midomo ya kijana yule ikafunga sawasawa na silabi ya mwisho. Kwenye video akina mama wanaitikia kwa pamoja, sauti ambayo hatukuhitaji kuitafsiri kwa kuwa waliitikia kwa Kiswahili tangu siku ile ilipopigwa. Nilimtumia mpitiaji skripti mpya siku hiyohiyo jioni. Jibu lake lilikuja usiku kwa ujumbe wa simu: "Hapo sawa. Sasa rudi ukurasa wa 9, kondo la nyuma umeliandika mara mbili."